Fungu Nililoliacha kwa Kaka

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia hunijia nusu usingizi, kama ndoto ya alasiri unayoamka nayo jasho shingoni, hujui kama ni asubuhi au magharibi. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori hapa Kanga, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Manyunyu yanadondoka na jua linawaka hapo hapo. Nilikuwa narudi kwetu. Nilipofika, kwetu hapakuwepo.

Usicheke. Nyumba ilikuwepo, minazi ilikuwepo, kisima kilikuwepo. Kwetu ndipo hapakuwepo. Haya, kaa vizuri nikueleze, na hiyo simu yako igeuze kifudifudi, maana mimi siwezi kushindana nayo. Sauti yenyewe siku hizi ni ya kuazima.

Nianze nyuma kidogo. Baba yetu alituacha wawili tu, kaka yangu Kombo na mimi. Mama alikuwa ametangulia zamani. Shamba la baba ni hili hili tulilokaa, kuanzia njia ya gari mpaka kule mchanga unakoanza kuwa mweupe. Minazi, mikorosho michache, kiwanja cha mihogo, na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Arobaini ilipokwisha, wazee wakakaa kutazama mirathi. Faraidhi unaijua, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Shekhe akaniuliza, "Mwanaidi, fungu lako unalitakaje?" Nami nikamjibu kama walivyojibu wanawake wote wa ukoo wetu kabla yangu: "Liacheni kwa kaka."

Sasa hapo ndipo vijana mnapopotea njia. Mnadhani mwanamke akisema liacheni kwa kaka, ametoa zawadi. Zawadi gani? Ile ni amana. Mwanamke wa kwetu akiolewa, huacha fungu lake mikononi mwa nduguye ili siku mambo yakiharibika awe na pa kurudia. Ndoa ndoana, mwanangu. Ukilichukua fungu lako ukaliuza ukanunua bangili, utang'ara mwaka mmoja, halafu siku ya kuachwa utakwenda wapi na bangili zako? Ukiliacha, mlango uko wazi. Na kaka naye ana wajibu wake. Kila minazi inapoanguliwa, hutenga nazi za dada, akazitia kwenye pakacha, akampelekea huko alikoolewa. Zamani hatukuandikiana. Pakacha likifika, unajua fungu lako lipo.

Mimi niliolewa Miburani. Kombo alikuwa mkwezi hodari, na nazi zangu alizileta mwenyewe. Alidandia gari na pakacha lake alilolisuka kwa kuti bichi, akafika anaita jina langu tangu barabarani, mume wangu anakunja uso kwa zile kelele. Nilikuwa nampikia wali kwa nazi hizo hizo alizoleta. Tunakula, tunacheka. Ah, Kombo! Alikuwa na kicheko cha kuamsha kuku bandani. Nikifumba macho sasa hivi namwona amechuchumaa jikoni kwangu ananionyesha michubuko ya kifuani aliyoipata mnazini, anajisifu kama mtoto.

Kisha ukafika msimu wa kuangua, pakacha lisije. Ukafika mwingine, lisije. Nikajisemea labda minazi imechoka, labda kaka ameshikwa na mambo ya baharini, siku hizo alikuwa mvuvi zaidi kuliko mkulima. Nikanyamaza. Nilimwona mtu wa Kanga sokoni Kilindoni, nikataka kumuuliza, nikaona aibu, atasema dada mtu anamfuatilia kakaye kwa nazi. Nikanyamaza tena.

Ndipo mume wangu akaniacha. Sina maneno mengi juu yake, ameshakufa, Mungu amrehemu, na mdomo wangu ukianza kwake hatutafika shambani leo. Alinipa talaka asubuhi kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikafunga furushi langu. Unajua kitu cha ajabu? Sikulia. Moyoni nilikuwa nasema, mimi nina kwetu bwana, wewe endelea na nyumba yako.

Juu ya lori, katikati ya magunia, nilisinzia. Nikamwona mama anafagia uani kwetu, kanga ameifunga kifuani kama alivyozoea. Kila akifagia, majani mengine yanaanguka, naye hachoki, anafagia tu, polepole, hanitazami. Nikataka kumwita, gari likaruka shimo, nikaamka. Hata leo sina hakika kama niliamka kweli, maana yote yaliyofuata yalikuwa na rangi ile ile ya usingizini.

Nikashuka, nikakata njia ya shambani. Vigingi. Vimepigwa kutoka barabarani kushuka ufukweni, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Nikavipita nikidhani ni mambo ya serikali, labda wanapima barabara. Mlangoni kwa baba kuna kofuli jipya, linang'aa. Na barazani kwetu amekaa mtu mzima mmoja, mgeni, anamenya muwa kwa kisu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Hapa kwetu."

Akaacha kumenya. Alikuwa na uso wa huruma, yule mzee, mpaka leo simlaumu. "Hapa pamenunuliwa, binti yangu," akasema. "Mimi mlinzi tu."

Mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia kiu. Mlinzi akainuka, akateka maji, akaniletea kwa kata. Nikapewa maji ya kisima cha babangu na mgeni, nami nikamwambia ahsante. Mwanangu, nimeyaona mengi duniani, lakini maji yale yalinikaba. Nilisimama pale kwenye manyunyu sijui muda gani. 

Aliyenitoa pale ni shangazi yetu, Bi Somoe, dada yake baba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, haongei ila kwa kazi maalumu. Alikuja, akanitua furushi, akanishika mkono akanivusha njia kama kipofu. Akanilaza kitandani kwake. Nikalala mpaka kesho yake jua limepanda, nasikia tu mchi wake unatwanga na kunyamaza, unatwanga na kunyamaza.

Kombo alirudi baharini siku ya pili. Alipoambiwa nipo, alikuja mbio, miguu ina mchanga, uso umefurahi. Nadhani alikuwa amesahau, wallahi. Kwa dakika ile ya kwanza alikuwa ndugu amemwona nduguye. Kisha akaliona furushi, akaelewa, na furaha ikamtoka usoni.

"Ameniacha," nikamwambia. "Nimerudi kwetu. Kuna mtu barazani anasema kwetu pamenunuliwa."

Akakaa chini. "Mwanaidi, ulikuwa umeolewa, una kwako. Tangu matanga ya baba hukulitaja shamba hata siku moja. Nikajua umenisamehe fungu lako."

"Nilikusamehe lini?"

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuamini!"

Akaanza kunieleza habari za boti aliyoinunua kwa pesa za shamba, na mashine yake, na jarife jipya la kuvulia papa. Alikuwa amechoka kuvua kwenye vyombo vya watu, siku moja kitoweo, siku moja mikono mitupu. Boti ikisimama vizuri, anasema, angenijengea chumba huko huko Miburani. Sikumlaumu kwa kutaka boti. Nani asiyetaka kuinuka? Lakini alitaka kuinuka kwa kukanyaga bega langu bila kuniambia niliinamishe. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimeshakaa sahanini.

Majirani nao wakawa na lao. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi Kanga nzima ilichukua jembe, walau mchana. Jioni walirudi kusikiliza kwa dirishani.

Nilitaka kwenda polisi. Bi Somoe akakataa. "Polisi utampeleka mwizi," alisema. "Kombo ni mpumbavu. Mpumbavu hupelekwa barazani." Tukapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Lile si mahakama, mwanangu, lile kazi yake kusuluhisha. Watu wa pale pale kijijini, wanaume kwa wanawake, mnakaa nao, wanawasikiliza. Mkishindwana ndipo mnapanda juu, kwenye mawakili na nauli na miaka. Nimewaona waliopanda juu. Walikwenda na nywele nyeusi wakarudi na mvi, na shamba limeota msitu.

Siku ya shauri tukakaa ofisi ya kijiji. Mnunuzi alikuwa ametoka Dar es Salaam, mtu mstaarabu, shati jeupe, anaongea taratibu. Alitaka kujenga nyumba za wageni pale ufukweni. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Shaali, akampa nafasi aseme.

"Mimi nimenunua mbele ya mashahidi," akasema mnunuzi. "Na nilimuuliza huyu bwana kwa mdomo wangu, una ndugu wengine kwenye shamba hili? Akaniambia, niko peke yangu."

Niko peke yangu. Neno lile liliniuma kupita kofuli, kupita vigingi, kupita hata talaka. Nilimtazama Kombo. Alikuwa anatazama sakafu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo lilipokuwa fundo. Ikiwa fungu langu lilikuwa amana, basi Kombo ameuza kisicho chake na biashara haisimami. Shamba lile halikuwahi kukatwa kwa kamba, kila mnazi ulikuwa na haki yangu ndani yake, hata angesema ameuza upande wake ungemuuliza upande upi. Lakini ikiwa nilimpa, imekwisha, mimi na mwanangu tutafute pa kulaza ubavu. Shekhe aliyesimamia mirathi alikuwa ameshafariki. Wazee waliokuwepo walibaki wachache, na kila mmoja alikumbuka neno liacheni kwa kaka, akalitafsiri kwa upande wa rafiki yake. Na nilikuwa nimeshasikia, maana kijiji hakina siri, kwamba jamaa za Kombo walikuwa wamemfundisha la kusema. Ukiulizwa, sema dada alikupa shamba lote, na zile nazi zilikuwa hisani yako tu. Sema hivyo tu, boti ni yako.

Mzee Shaali aliuliza kama kuna mwenye neno. Bi Somoe akainuka. Hakwenda mbele. Alisimama pale pale mkekani, amejitanda kanga yake, akamwita mpwawe kama anavyomwita kuja kula.

"Kombo, mwanangu. Mimi sitakuuliza habari za shamba, shamba limeshaulizwa sana. Nitakuuliza habari za mapakacha. Ulikuwa ukimpelekea dada yako nazi Miburani. Zilikuwa zako ukampa, au zilikuwa zake ukampelekea?"

Ofisi ikanyamaza. Mwanangu, kimya kile ninacho mpaka leo, naweza kukitoa nikakitandika hapa tukakikalia. Mbuzi alipita mlangoni akachungulia. Mbali huko mtu alikuwa anapasua kuni, kisha naye akaacha. Jua lilikuwa limeingia kwa dirishani, vumbi linaelea ndani yake polepole, na mimi nililitazama lile vumbi nikajiona siko pale, niko juu ya magunia bado, gari linakwenda, halifiki. Kombo aliitazama mikono yake. Akaigeuza, akaitazama viganja.

"Zake," akasema.

"Sema wasikie," Mzee Shaali akamwambia.

"Zilikuwa zake!" Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa nampelekea zake. Na nilipouza nikaacha kupeleka, kwa sababu nilijua sina tena cha kumpelekea. Nilijua. Andikeni hivyo."

Mnunuzi alivuta pumzi ndefu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika, lakini hakutukana mtu. Alisema, "Mimi nilikuja kununua shamba, sikuja kununua kesi. Nirudishiwe changu, niondoke." Ikaandikwa hivyo, wakatia dole. Boti ikauzwa, na mashine, na jarife, mnunuzi arudishiwe pesa zake. Vigingi nilivitoa kwa mkono wangu, nikavipikia.

Ningependa kukuambia kwamba hapo mambo yakatengemaa. Hayakutengemaa. Tulipotoka ofisini siku ile Kombo alinifuata, akasema, "Mwanaidi, nisamehe." Watu wamejaa, wanasubiri. Nami damu ilikuwa bado inachemka. Nikageuka nikamwambia mbele yao wote, "Mimi sina kaka. Wewe mwenyewe ulisema uko peke yako. Haya, kaa peke yako." Wanawake wengine wakapiga vigelegele. Walinishangilia, nami nikanyanyua shingo.

Bi Somoe alitembea nami mpaka njia ya shambani. Akasimama. Alikuwa mfupi, nimekwambia, lakini alinitazama nikajiona mimi ndiye wa chini.

"Umeshinda shamba," akasema, "sasa unatafuta kushindwa ndugu? Wewe umepewa talaka, ukarudi kwenu. Ndugu akipewa talaka, arudi kwa nani?"

"Kanidhulumu, shangazi."

"Kakudhulumu, ndiyo, nani anayebisha? Na leo alikuwa na uwongo mdomoni ambao ungempa kila kitu, akautema. Hukuuona ulipoanguka? Au ulikuwa unasikiliza vigelegele?"

Akatangulia. Sikumtii. Nilikuwa na ujana na nilikuwa na haki, na vitu hivyo viwili vikikutana kichwani mtu hasikii la muadhini wala la mteka maji.

Kombo aliondoka wiki ile ile. Alikwenda dago, kambi ya wavuvi huko Shungimbili, akawa mvuvi wa kuajiriwa tena, kwenye vyombo vya watu kama zamani. Wavuvi walikuwa wakileta habari zake. Yupo, anapika dagoni. Yupo, mguu ulimvimba ukapoa. Kisha akahama na wageni wa pwani nyingine, na habari zikakatika.

Miaka ikapita, sijui ilipita wapi. Nililima mihogo, nikalima mwani, nikakatwa miguu na matumbawe. Yule mtoto wa mgongoni akakua akaenda Dar, akapata kazi. Bi Somoe akafa usingizini, kimya kimya, kama alivyoishi. Nikaezua makuti nikaweka bati. Kila msimu wa kuangua nilikuwa naweka nazi za Kombo kando, hapo pembeni ya ghala, mpaka zinaota. Hakuna aliyeniambia niweke. Mkono ulikuwa unaziweka wenyewe, na mimi nikiuona unaziweka nikigeuza uso. Mara nyingine naota tuko wadogo, yuko juu ya mnazi, ananiambia sogea, sogea isije ikakuangukia, nami sisogei.

Basi mwaka juzi, alasiri, niko hapa uani nachekecha unga. Nikasikia mtu kule kwenye ua, upande wa njia.

"Hodi."

Chekeche likasimama mkononi. Kuna sauti mtu hawezi kuisahau hata ikizeeka. Nikainua macho. Mzee amesimama nje ya ua, ndevu nyeupe tupu, kikapu mkononi, kikohozi kinamtikisa mabega. Hajavuka. Alipoona namtazama, akainamisha kichwa.

"Hodi hapa," akasema tena.

Mwanangu, nilikuwa na maneno. Miaka yote ile niliyatunza, makali, nimeyanoa vizuri, nimeyapanga lipi litangulie lipi lifuate. Niliyatafuta. Wallahi niliyatafuta. Nikaona tu mzee anapiga hodi kwenye uwanja aliojifunzia kutambaa.

"Wewe," nikamwambia, "nani amekufundisha kupiga hodi kwenu?"

Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia. Nami chekeche likanidondoka, unga ukamwagika wote, nikaenda nikakaa naye. Tulilia mpaka kuku wakaja kula unga wangu na hakuna aliyewafukuza. Alipoweza kusema akaniambia, "Kifua kimenishinda, Mwanaidi. Nimekuja kukuomba kijisehemu nilaze ubavu, siku mbili tatu, mpaka kitulie."

"Uniombe mimi?" nikamwambia. "Una mafungu mawili hapa, Kombo. Mimi nina moja. Mimi ndiye wa kukuomba wewe."

Basi akaingia. Huyo unayemsikia anakohoa nyuma ya nyumba ndiye huyo, anakarabati nyavu za watoto wa jirani na kuwasema wanavyofunga fundo vibaya. Juzi dalali alikuja na pikipiki yake. Siku hizi wanakuja wengi, picha za ufukwe wanazo kwenye simu, wanataka kuongea na mwanaume wa nyumba. Akampata Kombo. Nilikuwa ndani nimelala, nikamsikia kaka yangu anamjibu, sauti yake haina haraka. "Mimi nina dada, yumo ndani. Nina mpwa, yuko Dar. Yuko na mjukuu, ana miezi, hajui kusema. Wewe kunywa maji kwanza, kaa, tutamsubiri yule mdogo ajue kusema tumuulize." Dalali aliwasha pikipiki yake.

Nilicheka, kisha nikafumba macho tena, nikalala usingizi mtamu sijawahi.

Haya, mwanangu. Nimezunguka sana, na najua ulikuja kwa jambo lako. Nimesikia mna shamba la babu yenu, na kwamba wewe na kaka zako mmekwisha kupatana bei. Sikuulizi bei. Nakuuliza, dada yenu aliyeolewa mbali mmemuuliza? Usiniambie hajasema kitu. Anayenyamaza ndiye wa kuulizwa kwanza, maana anayepiga kelele mtamsikia tu. Kimya cha ndugu ni imani aliyokupa uishike, na ukiiuza hutaweza kuinunua tena kwa boti wala kwa nini. Hata akikubali muuze, atakubali akiwa ndugu yenu. Mkiuza kwa kificho, mtagawana pesa na kugawana familia pamoja.

Na dada yako naye mfikishie maneno yangu. Mwambie bibi anasema fungu lako liseme. Liseme mbele ya watu, kila mwaka, hata kama unaona aibu, na liandikishe ofisi ya kijiji. Sisi tuliaminiana kwa pakacha, na pakacha lilinisaidia kwa kuwa Kombo alikuwa na moyo wa kuogopa uwongo. Je, wa kwako anao? Hujui. Hata yeye mwenyewe hajui mpaka siku hiyo ifike.

Na mkigombana, maana mtagombana, nyie ni watu, basi daini ardhi kwa nguvu zenu zote, nendeni barazani, mkapande mpaka juu mkilazimika. Haki ni haki. Lakini mdomo wako usije ukatamka kwamba huna ndugu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nililitamka siku moja, watu wakanipigia vigelegele, na waliopiga hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole homa iliponilaza mwezi mzima.

Sasa nenda, kabla gari halijakupita. Pitia nyuma umpe babu yako Kombo shikamoo yake, atakufurahia, na usimruhusu akuanzie habari za mafundo. Mungu akutangulie, mwanangu. Akulainishie ulimi wa kuuliza kabla hujatenda, akupe ndugu watakaokuuliza nawe, na siku utakapochoka na dunia hii, kifua kimekushinda na mikono mitupu, akufikishe kwenye mlango usiohitaji hodi. Amina, na amina tena.